Santuri ni Shahidi: Kusikiliza kwa Hukumu Sanduku la Santuri za Kale

Utangulizi

Madale ni eneo la Kinondoni lililo nje kidogo ya Tegeta, upande wa bara wa Barabara ya Bagamoyo, si mbali na kilima cha Wazo chenye kiwanda cha saruji. Kama ilivyokuwa Goba, Mbagala na Chanika, mashamba yake yaligeuka viwanja na viwanja vikageuka nyumba katika muda mfupi, watu walipohama Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke kutafuta nafasi. Walihama na vitanda, makabati na picha za harusi zilizotiwa fremu. Baadhi yao walihama pia na sanduku la santuri. Mashine ya kuzipigia mara nyingi haikuhama: ilikuwa imekwisha kuharibika, sindano yake haikupatikana tena madukani, na kaseti ilikuwa imechukua nafasi yake. Sanduku likawekwa juu ya kabati, na watoto wakakatazwa kuligusa.

Mhadhara huu unahusu kinachosikika sanduku la namna hiyo linapofunguliwa na santuri zake kupigwa moja baada ya nyingine. Msikilizaji atakayefuatwa humu ni wa mfano tu. Hana jina wala hati ya kiwanja. Santuri atakazozishika, hata hivyo, ni za aina inayojulikana, na wanamuziki watakaotajwa ni watu wa historia. Hoja inayotetewa ni kwamba santuri ni shahidi muhimu wa Kiswahili cha karne ya 20, lakini ni shahidi mwenye upendeleo. Husema baadhi ya mambo kwa ukamilifu, mengine huyakata katikati, na kuhusu miaka fulani hunyamaza kabisa. Mwenye kuisikiliza kwa heshima tupu atadanganyika. Inampasa aisikilize kwa hukumu, yaani awe tayari kusema wimbo upi ni mzuri na upi ni dhaifu, upi umetimia na upi umekatwa, na aeleze sababu.

Desturi iliyozoeleka katika taaluma ya Kiswahili, hasa katika tasnifu za wanafunzi, ni tofauti. Maneno ya wimbo hunakiliwa, hupangwa kwa beti, kisha huchambuliwa kwa dhamira: ndoa, rushwa, ujamaa, kifo. Wimbo mbovu kuhusu rushwa huwa na thamani sawa na wimbo bora kuhusu rushwa, kwa kuwa vyote viwili vimetoa mfano uliohitajika. Mchambuzi wa ushairi andishi hathubutu kufanya hivyo. Hawezi kumweka Shaaban Robert sawa na mtunga beti wa jarida la shule kwa sababu tu wote wameandika juu ya adili. Kwa nini mwimbaji asitendewe haki hiyo hiyo?

Chombo na maneno yake

Neno santuri limetumika katika Kiswahili kwa mashine na kwa sahani inayozungushwa juu yake. Katika Kiajemi na Kiarabu jina hilo ni la chombo cha nyuzi kinachogongwa kwa vijiti. Sahani zenyewe ni za aina mbili, na msikilizaji wa Madale huzitofautisha kwa mkono kabla ya sikio. Zile za zamani zaidi ni nzito na hupasuka kama sahani ya udongo zikianguka. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India, ndugu wa lakiri iliyofungia barua, na zilikusudiwa kuzunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja wa sahani ya kawaida, yenye upana wa inchi 10, ulibeba dakika tatu hivi, wala hakukuwa na namna ya kuzidisha sana. Za aina ya pili ni za vinaili, nyepesi, zinazopinda badala ya kupasuka. Sahani kubwa ya mizunguko 33 na theluthi moja ilitolewa Marekani mwaka 1948, na ndogo ya inchi 7 yenye mizunguko 45 ikafuata mwaka 1949. Kati ya miaka ya 1960 na 1980 ile ndogo ndiyo iliyotawala Afrika Mashariki.

Tofauti hizi si za fundi peke yake. Sahani iliyokaa miaka 30 chini ya bati lisilo na dari hupinda, na sahani iliyopinda huyumbisha sauti ya mwimbaji hata mtu adhani ni madoido. Sahani za mizunguko 78 hazikurekodiwa zote kwa mwendo huo barabara. Ikizungushwa kasi kuliko ilivyorekodiwa, sauti ya mwanamke huwa nyembamba kuliko ilivyokuwa na konsonanti hubanana. Mwanafunzi wa fonetiki anayepima irabu kutoka katika nakala iliyowekwa kwenye intaneti na mtu asiyemjua huenda anapima kosa la mota. Hukumu ya kwanza basi ni ya mashine: je, huu ndio mwendo wenyewe? Ala husaidia kujibu, kwa sababu udi na fidla hupigwa katika tuni zinazojulikana, na zikisikika zimepanda kupita kiasi, mashine inakimbia.

Bombay na Mombasa, mwaka mmoja

Santuri za zamani kabisa zinazoweza kupatikana katika sanduku la Mswahili ni zile za Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyefariki mwaka 1950. Machi 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni. Mwaka huo huo ulifanyika mkutano wa Mombasa uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha maandishi, na kutokana nao Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930.

Wanahistoria wa lugha huueleza sana mkutano wa Mombasa na huipita safari ya Bombay. Lakini kama swali ni Kiunguja kilisikikaje mwaka 1928, Mombasa haina jibu. Huko waliketi watawala, wamisionari na walimu, nao walijadili tahajia na sarufi. Bombay palikuwa na watu waliokisema. Katika santuri hizo husikika yale ambayo tahajia sanifu iliyafuta kwa nia njema. Mojawapo ni sauti ya kh, ambayo baadaye iliandikwa h katika maneno kama habari na heri. Nyingine ni irabu inayovutwa mpaka mpaka wa neno unapotea, na ya tatu ni mkazo unaohama kwa kufuata muziki. Wanaotaka kujua sanifu ilichukua nini na kuacha nini wana ushahidi uliotangulia kamati yenyewe kwa miaka miwili.

Hata hivyo ushahidi huo umebanwa. Taarabu ni sanaa ya usiku kucha. Ubeti hurudiwa, hadhira huinuka kutunza, fumbo huachwa lielee mpaka mlengwa alijue kuwa ni lake, na mwimbaji hurefusha au hufupisha kwa kuwatazama waliokaa mbele yake. Huko Bombay hapakuwa na hadhira ya Unguja, na palikuwa na dakika tatu. Msikilizaji hapaswi kuona haya kusema kwamba wimbo uliofupishwa unasikika umefupishwa. Shaaban Robert aliyeandika wasifu wa Siti alishughulika zaidi na hulka yake na ushindi wake dhidi ya unyonge. Kitabu hakiwezi kutoa sauti, na santuri haiwezi kutoa usiku. Atakayechukua maneno ya santuri na kuyaita matini kamili ya wimbo wa Siti atakuwa ameukubali uamuzi wa kampuni kuwa uamuzi wa msanii.

Kihispania cha Morogoro

Chini ya Siti, katika sanduku hilo hilo, hukaa watu ambao hawakukutana duniani: Umm Kulthum, nyimbo za filamu za Kihindi, Jim Reeves, na mara nyingine James Brown, ambaye wenye sahani zake walikuwa na sababu ya kumficha baada ya muziki wa soul kupigwa marufuku Dar es Salaam Novemba 1969. Msomi atashawishika kuzitoa hizi na kubaki na za Kiswahili. Asifanye hivyo. Nyimbo za Kiswahili ziliundwa na watu waliokuwa wakizisikiliza hizo nyingine, na bila jirani zake wimbo haueleweki.

Mfano wa wazi ni sahani za Kuba. Kuanzia mwaka 1933 HMV ilitoa kwa soko la Afrika mfululizo wa santuri zenye herufi GV na nambari, nyingi zikiwa za Kikuba. Watu waliziita kwa nambari zake, kwa kuwa majina ya Kihispania hayakuwaelea. Salum Abdallah wa Morogoro alizipenda kiasi cha kuiita bendi yake Cuban Marimba. Kwa hiyo bendi za miaka ya 1950 na 1960 zilichomeka katika Kiswahili silabi za Kihispania ambazo mara nyingi mwimbaji hakuzijua maana.

Hapa wachambuzi hutofautiana. Wapo wanaoziona silabi hizo kuwa kasumba, wapo wanaoziona pambo. Sikio linatoa jibu la tatu. Kwa mtunzi mzuri kama Salum Abdallah, silabi ya kigeni hukaa pale ambapo mdundo wa Kikuba unadai mkazo katika silabi ya mwisho, na Kiswahili, ambacho hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hakina neno la kutoa. Ni kiraka kilichoshonwa mahali penye tundu. Kwa watunzi dhaifu wa wakati huo kiraka kimeshonwa hata pasipo na tundu, na wimbo mzima ni kelele za furaha. Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, ni mtunzi wa beti kwanza na mwanamuziki wa dansi baadaye. Vina vyake ni vya mtu aliyekulia katika mashairi, na ndiyo maana santuri zake hustahimili kusikilizwa na mtu aliyeketi.

Mbaraka Mwinshehe, aliyekuja baadaye katika mji huo huo na Morogoro Jazz, kisha Super Volcano kuanzia mwaka 1973, ni habari nyingine. Mbaraka ni msimulizi. Sentensi zake ni ndefu, zinavuka mstari wa muziki, na mara nyingi hazina vina kabisa. Zikinakiliwa kwenye karatasi zinafanana na barua. Mtu akizisoma bila kusikia atasema ni nathari dhaifu. Akizisikia atatambua kwamba gitaa ndilo linalokamilisha ubeti, kwa kujibu pale ambapo kina kingekaa. Alipokufa kwa ajali karibu na Mombasa Januari 1979 hakuwa na umri wa miaka 35. Kampuni ya Nairobi iliendelea kuzikusanya nyimbo zake katika sahani kubwa, na hizo ndizo zinazopatikana zaidi masandukuni leo. Kupatikana sana si hoja ya ubora, lakini kwa Mbaraka mambo hayo mawili yamekutana.

Upande wa pili

Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilikuja na tabia ambayo haijajadiliwa vya kutosha. Wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 una sehemu mbili: ya kwanza polepole, yenye beti na kiitikio, ya pili ya kasi, ambayo Wakongo waliiita sebene na Watanzania chemko, ambamo magitaa hutawala na waimbaji hutupa maneno mafupi. Wimbo huo haukuenea upande mmoja. Ukagawanywa: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Katikati msikilizaji alinyanyuka, akageuza sahani, akarudisha sindano.

Matokeo yake katika utafiti ni makubwa. Anayetafuta maneno husikiliza upande A na kuridhika. Upande B haunakiliwi, kwa kuwa "hauna maneno". Una maneno. Humo waimbaji hutaja majina ya wapigaji, huitana, hucheka, hutania mitaa, na hutaja mtindo wa bendi yao. Ni upande wenye Kiswahili cha mazungumzo, kisichopangwa kwa beti, na kwa mwanaisimu-jamii wa leo una faida kuliko ule wa kwanza. Hata kwa mpenda muziki, zipo santuri nyingi ambazo upande A ni wa wajibu na upande B ndio wimbo.

Majina ya mitindo nayo yanahitaji sikio la mwanaleksikografia. Nuta Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa na Msondo. Western Jazz ilikuwa na Saboso, Safari Trippers Sokomoko, Tabora Jazz Segere Matata, Afro 70 Afrosa. Msondo ni jina la ngoma ndefu ya pwani, na mengine ni maneno ya kubuniwa kwa utamu wa mlio. Bendi ya kiwanda cha nguo cha Urafiki ilikuwa na Chakachua. Takriban miaka 40 baadaye neno hilo lilivuma Tanzania kwa maana ya kuchanganya mafuta ya petroli na mengine, na hapo hapo likahamia katika siasa. Anayesema kwamba neno ni la mwaka 2010 hajawahi kushika lebo ya santuri.

Sahani za Kilingala, ambazo ni nyingi katika kila sanduku la Dar es Salaam, husikilizwa kwa njia nyingine kabisa. Maelfu ya watu waliyakariri maneno ya Franco pasipo kuyaelewa, na kila mtaa ulikuwa na tafsiri yake. Kukariri huko kuliwafundisha jambo ambalo wachambuzi wa dhamira hawalitaki: kwamba wimbo unaweza kumfikia mtu wote kabla ya maana yake kufika.

Kiswahili ambacho kamati haikukichagua

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco. Nyimbo alizoimba zikiwemo zile zilizompa umaarufu mpaka Ulaya ni za Kiswahili cha Katanga. Mwalimu wa shule ya Tanganyika wakati huo angezisahihisha kwa wino mwekundu: upatanisho wa sarufi umelegea, ngeli zimepungua, maneno ya Kifaransa na ya lugha za jirani yameingia. Na bado, kama msikilizaji wa Madale akiulizwa ni santuri ipi katika sanduku lake ambapo neno na mshipa wa gitaa vimeshikana kuliko zote, jibu la haki ni hiyo. Ngeli zilizopungua zimempa Mwenda maneno mafupi, na maneno mafupi yanakaa vizuri kati ya vidole viwili vinavyopokezana. Hapa hukumu ya sikio inapingana na hukumu ya sarufi, na haifai kuficha kwamba zinapingana.

Hali si ile ile Nairobi. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, waliounda Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971, walibeba Kiswahili cha pwani ya kaskazini ya Tanzania hadi studio za Nairobi na hawakukiacha, ingawa walikuwa wamezungukwa na Kiswahili kingine. Mchanganyiko huo uliwafanya wasikike wageni pande zote mbili. Labda ndiyo sababu nyimbo zao zinazungumza kwa adabu ya mtu aliye ugenini.

Nyimbo zilizoagizwa

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 bendi nyingi zilimilikiwa na chama, majeshi, viwanda na mashirika, na zote ziliimba siasa. Sanduku lolote la miaka hiyo lina sahani kadhaa za namna hiyo, mara nyingi zisizo na mikwaruzo. Kutokukwaruzwa ni hukumu ya mwenye sanduku: hazikupigwa sana.

Wasomi wamezichambua nyimbo hizo kwa wingi, na kwa haki, kwa sababu ndimo maneno kama unyonyaji, kabwela, kupe na ubeberu yalipotoka majukwaani na kuingia vinywani. Kwa historia ya msamiati ni hazina. Kwa sanaa, nyingi ni hotuba zenye magitaa. Tatizo halikuwa siasa. Waimbaji wa taarabu wa Tanga na Zanzibar waliweza kuimba mambo mazito kwa mafumbo, na Shakila wa Black Star, aliyefariki mwaka 2016, aliweza kumlaumu mtu wimbo mzima bila kumtaja. Tatizo lilikuwa kwamba hotuba haina fumbo. Hutaka ieleweke mara moja na kwa namna moja. Nyimbo chache za ujamaa zilizosalimika ni zile ambazo mtunzi alimweka mtu ndani yake, mwenye jina na njaa, badala ya mwananchi wa jumla. Hukumu hii inaweza kubishiwa, na itakuwa vyema ibishiwe kwa kutaja sahani moja moja.

Kimya cha mwaka 1977 hadi 1983

Jambo zito kuliko yote ni lile lisilokuwemo sandukuni. Tanzania haikupata kuwa na kiwanda chake cha santuri. Redio ilirekodi bendi kwa utepe. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopewa jina hilo mwaka 1965, ilikuwa na studio na maktaba kubwa ya tepu, lakini tepu hizo zilikuwa za kutangazia. Aliyetaka sahani alisafiri hadi Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983.

Msikilizaji anayepanga sahani zake kwa miaka ataona mfululizo mnene tangu katikati ya miaka ya 1960, kisha ghafla ukonde. Akiamini santuri peke yake atahitimisha kwamba muziki wa Dar es Salaam ulidhoofika baada ya 1977. Ukweli ni kinyume. Mlimani Park iliundwa mwaka 1978 na mtindo wake wa Sikinde ukashindana na Msondo mpaka mji ukagawanyika; Marijani Rajab aliingia katika kilele chake; bendi zenye asili ya Kongo kama Maquis na Makassy zilijaza kumbi. Nyimbo zilizotungwa miaka hiyo ni miongoni mwa zilizotungwa vizuri kuliko zote katika Kiswahili cha dansi, na sehemu kubwa ilibaki katika utepe wa redio na baadaye katika kaseti zilizonakiliwa mara kumi. Tena, kwa kuwa utepe haukuwa na ukomo wa dakika tatu, mtunzi alipata nafasi ya kuusimulia mkasa wote. Huenda kufungwa kwa mpaka, kulikowanyima wanamuziki mapato, kuliwapa watunzi urefu. Hii si faida ya kuwafurahisha waliokufa maskini, lakini inasikika.

Kimya hicho kina athari nje ya Tanzania. Mwaka 1983 John Storm Roberts alitoa Marekani mkusanyiko ulioitwa Songs the Swahili Sing, na tangu mwaka 2005 Werner Graebner amehariri mfululizo wa Zanzibara uliotolewa na kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa. Kazi zote mbili zimewatendea hisani Waswahili. Lakini kuchagua ni kuhukumu. Nyimbo zinazojulikana duniani leo kuwa bora za Kiswahili cha kale zilichaguliwa zaidi na masikio yaliyolelewa kwingine, kutoka kwa yaliyopatikana. Wanataaluma wa Kiswahili kwa nadra wamesema kama wanaukubali uchaguzi huo. Hukumu haikungoja, ilitolewa, na wao hawakuwepo.

Sahani isiyo na jina

Katika kila sanduku kuna sahani ambayo lebo yake imeliwa na unyevu au imefutika kwa vidole. Yamebaki, pengine, maandishi ya kalamu ya wino ya mwenyewe: nambari, au neno "mali ya" na jina lisilosomeka. Msikilizaji wa Madale anaipiga. Ni taarabu, mwanamke anaimba, fidla iko mbele, ngoma iko nyuma sana. Katika ubeti wa kwanza anasema mato mahali pa macho, na katika wa pili ndia mahali pa njia. Mtu mwenye haraka ataandika: Kimvita, Mombasa.

Lakini mato ni neno ambalo washairi wa Unguja na Tanga pia hulitumia wanapotunga, kwa sababu ushairi wa kale wa pwani ya kaskazini umewafundisha hivyo; ushahidi huo haumtoshi. Anarudisha sindano. Safari hii anaacha beti na kusikiliza yale yasiyotungwa: anavyowahimiza wapigaji kati ya ubeti na ubeti, na anavyolitamka neno la kawaida asilofikiri kwamba mtu atalinakili. Kwa wanaoitikia, akiwaita waje, anasema njoo, wala hasemi ndoo. Anaitoa sahani katika fungu la Mombasa, anaiweka peke yake, na anageuza upande wa pili.